Kompyuta yangu na kipimajoto cha vifaranga

Dakika ya 70, naongoza mbili kwa moja, dogo kapata kona. Anapiga, mpira unapaa, halafu unabaki huko huko juu. Siyo kwamba gemu limeganda kabisa, wachezaji wanatembea, ila wanatembea kama wapo ndani ya maji mpaka kiunoni, na chini ya meza feni inalia kama jenereta ya msibani.

Dogo akanigeukia. "Bro, hiyo umeichokoza."

Ilikuwa usiku mwezi wa 12, Magomeni hapa hapa Mtwara, kaskazi imeshashika, ule unyevu ambao ukitoka kuoga unajifuta maji na jasho kwa taulo moja. Nikafungua kile kiprogramu cha kuonyesha joto. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imeandikwa 100.

Mia.

"Maji yanachemka kwa mia," dogo akasema. Yupo kidato cha pili, alifurahi kupata pa kuitumia. Halafu ile kona ikashuka taratibu ikaingia wavuni, mbili mbili, goli ambalo silitambui mpaka leo.

Mashine yenyewe

Kwa wanaotaka kujua haraka: Core i7-4790, prosesa ya mwaka 2014, kadi ya picha GTX 1060, na feni ya prosesa ni ile ya Intel inayokuja kwenye boksi, ya duara, inashikwa na miguu minne ya plastiki. Nilinunua mtumba Kariakoo kwa hela ya ukarani wa msimu wa korosho. Ikaja na basi mwezi wa 6 mwaka 2024, kipindi kile barabara bado ina makovu ya mafuriko ya Mei, pale Somanga basi linapita kama linacheza sindimba. Kutoka Mbagala nilikuwa nimeipakata kama mtoto mchanga, tulipofika Nangurukuru konda akasema inazuia njia, ikaenda kwenye buti.

Hiyo buti muikumbuke.

Mwezi wa 6 mpaka wa 9 haikunisumbua hata siku moja. Kusi linavuma, usiku unatafuta shuka, mimi nacheza mpaka saa nane nikajiona nimepata mashine ya maana. Kumbe nilikuwa nimebebwa na upepo tu.

Kila mtu ana dawa yake

Wiki ya kwanza nilifanya kama kila mtu, nikauliza. Wote wakasema vumbi. Nikafungua, na kweli lilikuwepo, ila vumbi la huku kwetu siyo lile kavu la kupuliza likaondoka. Hili limechanganyika na unyevu na chumvi ya bahari, limeganda kwenye mapezi ya alumini kama ukoko wa wali, na skrubu za nyuma zimeanza kutu utadhani mashine imevuliwa Msimbati. Nilitumia mswaki wa zamani na brashi ya rangi, saa nzima.

Ikashuka digrii tatu. Kesho yake ikarudi.

Wakasema pesti, ule uji unaopakwa juu ya prosesa. Sasa hapa niseme ukweli. Fundi mmoja wa simu pale stendi aliniambia nisipoteze hela, nipake dawa ya meno, inafanya kazi ile ile. Nikapaka. Msinicheke, nilipaka, na usiku ule ikashuka mpaka 88, nikaenda kulala nimeridhika na prosesa yangu inanukia minti. Siku ya tatu imerudi 100. Nilipofungua nikakuta unga mweupe mkavu kama chaki, maji yote yameshakauka.

Kazi ya pesti ni kuziba vile vijishimo visivyoonekana kati ya chuma cha prosesa na chuma cha hitsinki, lile pande la mapezi chini ya feni. Hivyo viwili ukivikutanisha vikavu vinagusana sehemu chache tu, kwingine kote kunabaki hewa, na hewa inapitisha joto vibaya mno. Dawa ya meno inaziba vizuri ikiwa mbichi, ikikauka umerudi kwenye hewa na chokaa juu. Nikanunua pesti ya kweli, ile ya kijivu kwenye kisindano, nikasafisha kila kitu, nikapaka punje ndogo ya kama harage la choroko, nikabana.

95.

Yaani baada ya wiki mbili, hela, na mswaki, nimeokoa digrii tano.

Wembe

Hapo ndipo nilipoanza kusoma usiku, na kusoma usiku ukiwa na hasira ni hatari. Nikagundua kwamba prosesa za kundi langu, wanaziita Haswell, kile kifuniko chao cha chuma juu hakijalehemiwa kwa ndani. Intel walikuwa wanalehemu zamani, kuanzia kizazi cha 2012 hivi kwa hizi za kawaida wakaweka pesti. Na pesti ya miaka kumi inakauka. Kwa hiyo wapo watu, wazima wa akili, wanachukua wembe, wanakata ile gundi ya pembeni, wanabandua kifuniko, wanaweka pesti mpya ndani kabisa. Wakifanikiwa digrii zinaanguka. Wakikosea wembe unagusa silikoni, yaani chipu yenyewe, basi, umebaki na kishikizo cha shati cha bei kubwa.

Nikaenda kwa Mangi nikanunua wembe.

Niliuweka mezani pembeni ya prosesa, taa ya simu mdomoni, nikakaa nayo kama dakika kumi. Sijui kama mshawahi kufika mahali unataka kufanya kitu, chochote, ilimradi usiwe umekaa bure. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kidogo na nilikuwa natoka jasho, na jasho moja likadondokea juu ya meza karibu kabisa na prosesa.

Lile tone ndilo lililoniokoa. Nikasema mtu anayetoa jasho hivi hafanyi upasuaji. Wembe nimenyolea ndevu.

Kiganja

Nikairudisha prosesa mahali pake, nikafunga kila kitu, nikaacha ubavu wa kasha wazi ili niangalie tu feni inavyozunguka. Gemu linaenda, joto 95. Nikainama kutazama karibu, nikaweka kiganja juu ya ile fremu ya plastiki ya feni ili nisianguke.

Dogo akasema, "Imeshuka."

"Nini?"

"Namba. Imesema 90. 86. Bro, 81!"

Nikaondoa mkono. 84, 89, 93. Nikaweka mkono. Ikashuka. Tulifanya hivyo kama mara saba, tunacheka kama watoto waliogundua swichi ya taa, mpaka nikashtuka kwamba hii siyo ya kucheka, hii ndiyo yenyewe.

Nikamulika kwa tochi. Mguu wa chini kulia, kile kikucha chake cha plastiki kimepasuka, kina ule mstari mweupe wa plastiki iliyokunjwa ikachoka. Unaubonyeza unalia "ta" kama wenzake, ukiugeuzia mgongo unachomoka kidogo. Hitsinki ilikuwa imeinama upande mmoja kwa unene wa karatasi tu, na karatasi inatosha. Mara zote nilizofungua na kufunga, macho yangu yalikuwa kwenye pesti, sikuangalia mguu hata mara moja.

Nani kaupasua, siwezi kuapa. Ila hitsinki ina uzito, inaning'inia kwenye vijiti vinne vya plastiki, na mashine ilisafiri kwenye buti kutoka Nangurukuru mpaka huku ikipigwa na kila kiraka cha barabara. Mwenzako akituma kompyuta kwa basi mwambie afungue hitsinki aiweke pembeni, au ailaze kasha ili madabodi, ile bodi kubwa inayobeba prosesa, iangalie juu.

Miguu ya kubadilisha Mtwara sikuipata. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikachukua boliti nne nyembamba za milimita 4 na nati zake, na washa nikakata mwenyewe kwenye kifuniko cha plastiki cha kopo la mafuta ya kula, maana chuma kikigusa nyuma ya madabodi kunaweza kuwa na shoti. Unabana kidogo huku, kidogo kona ya pili, kwa msalaba, kama unavyofunga tairi. Usikaze kwa hasira.

82.

Kwenye gemu lile lile, kona zile zile, nusu saa nzima, 82.

Sasa 82 ni nini

Hapa ndipo ningefunga makala, kama ningekuwa mtu wa kawaida. Mashine imepona, haipunguzi spidi, dogo anafungwa kihalali. Lakini 82 ikanikaa kichwani. Kila nilipopita mtandaoni nakuta mtu ana prosesa kama yangu na feni kama yangu anasema yeye ni 67, mwingine 68, na chini yake wanamwambia safi, ukivuka 80 ujue kuna kitu. Kuna kitu gani tena jamani, nimefunga mpaka boliti.

Wakati huo huo Intel kikomo chao kwa hii ni 100, hapo ndipo inaanza kujipunguza yenyewe spidi ili isiungue, ndiyo ile mpira kubaki hewani. Halafu AMD, wapinzani wa Intel, walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 wakasema wazi kwamba prosesa zao zimetengenezwa zikae 95 zikifanya kazi nzito, wala usishtuke. Sasa nani mkweli? Wa 80 au wa 95? Nikawa nacheza jicho moja kwenye mpira, jicho moja kwenye namba pale kona ya skrini, na siku hizo dogo alinifunga sana.

Nikaanza kupiga hesabu za kununua hitsinki kubwa ya Dar. Nikapiga na hesabu za kiyoyozi, nikacheka peke yangu. Luku yenyewe tunachangishana.

Umeme ulipokatika

Jumamosi moja usiku umeme ukakata. Giza, kimya, ule ukimya ambao ndiyo unagundua feni ilikuwa inapiga kelele kiasi gani. Nikatoka kibarazani. Mama wa nyumba ya pili anafuga vifaranga, nikamkuta anahangaika na chungu cha mkaa, anakiingiza bandani kwa sababu balbu zimezimika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, njoo unishikie tochi."

Nikashika. Ukutani kwenye banda, usawa wa vichwa vya vifaranga, kananing'inia kipimajoto cha kioo, cha bei rahisi. Kinasoma 33. Nikamuuliza 33 ni nzuri? Akasema wiki ya kwanza wanataka 32 mpaka 35, kila wiki unapunguza. Halafu akasema kitu ambacho alikisema tu kama mtu anaongea huku anapuliza mkaa:

"Ila mimi hicho sikitazami sana. Natazama wenyewe. Wakijibana chini ya balbu wana baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wanakula, niache nilale."

Nikamuomba kipimajoto kwa siku mbili. Akanipa cha akiba.

Umeme uliporudi nikakitundika chumbani kwangu, sentimita chache kutoka pale kasha linapovutia hewa. Dirisha nimefunga kama kawaida yangu, kwa ajili ya vumbi, chumvi, na mbu. Mlango nimefunga kwa sababu ya kelele za dogo. Tukacheza saa moja.

35.

Asubuhi nilipomwambia, mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, chumba chako kinafaa kulelea vifaranga vya siku moja. Nikuletee hamsini?"

Hesabu ya kutoa

Hitsinki na feni haiumbi baridi. Inachukua joto la prosesa inalimwaga kwenye hewa iliyopo, basi. Haiwezi hata siku moja kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayoivuta. Kwa hiyo namba yangu ya 82 ilikuwa na namba mbili ndani yake, ya chumba na ya mashine, na mimi wiki zote hizi nilikuwa naisoma kama moja.

82 toa 35 ni 47.

Yule jamaa wa 67, namkadiria, kakaa sehemu ambayo chumba ni 20, wengi wao huko ndivyo walivyo, wamevaa sweta. 67 toa 20?

47.

Nilikaa kitandani nikaangalia hiyo 47 muda mrefu. Feni yangu ya boliti na kifuniko cha kopo ilikuwa inafanya kazi sawa sawa na ya kwake, hatukuwa na tofauti yoyote mimi na yeye isipokuwa bati juu ya kichwa changu na mwezi wa 12. Zile "ukivuka 80 kuna kitu" zimeandikwa na mtu ambaye chumba chake hakijawahi kuwa 35 maishani, na hakuwa na sababu ya kutaja joto la chumba, kama samaki hataji maji.

Siku hizi mtu akinitajia joto la prosesa yake namuuliza kwanza chumbani ni ngapi. Tofauti ikiongezeka mwezi hadi mwezi, hapo ndiyo kuna vumbi, au pesti imekauka, au mguu umechomoka. Tofauti ikibaki pale pale na namba ikapanda, ni kaskazi tu imeingia.

Na kitu cha pili, cha mama: natazama kifaranga. Naangalia spidi. Kama prosesa inakaa kwenye spidi yake ya gigahezi 3.6 kwenda juu na haishuki gemu likikolea, anakula huyo, niache nilale. Ikianza kushuka mpaka 2.8 huku kazi ipo, midomo wazi.

Wageni wawili

Bado 35 yenyewe ilinikera. Saa tatu usiku nje palikuwa 28, nimepima. Digrii saba zimetoka wapi?

Zimetoka kwangu. Prosesa yangu inakula mpaka wati 84 hivi, kadi 120, weka na vingine, zaidi ya wati 200 zinavutwa kutoka soketi ya ukutani na karibu zote zinatoka kama joto humo humo chumbani. Binadamu aliyekaa tu anatoa kama wati 100. Kwa hiyo kila nikiwasha gemu ni kama nimekaribisha wageni wawili wasioonekana, ukijumlisha mimi na dogo tupo wanne kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha limefungwa, chini ya bati lililoota jua mchana kutwa. Nilikuwa nahangaika kulitoa joto kwenye prosesa na nikishalitoa nalifungia chumbani, halafu feni inalivuta tena.

Nikafungua dirisha na mlango, lile feni la kusimama nikaligeuza lisinipulizie mimi, lisukume hewa nje mlangoni. Kwa joto la Mtwara kujinyima feni ni mateso, lakini nusu saa tu chumba kikawa 30, prosesa 77. Hesabu ileile, 47.

Halafu nikagusa kitu ambacho ningegusa siku ya kwanza. Skrini yangu inaonyesha picha 60 kwa sekunde, haiwezi zaidi. Gemu lilikuwa linatengeneza 130, 140. Yaani zaidi ya nusu ya kazi, na joto lake, inatupwa, hakuna jicho lililowahi kuiona. Nikaweka kikomo 60. Nikaingia kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, pale kwenye kiwango cha juu cha prosesa nikaandika 99 badala ya 100, hiyo inazima turbo, ile spidi ya ziada, prosesa inabaki kwenye 3.6 hivi na inatumia volti ndogo. Na volti ndiyo yenye joto, maana umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wake. Ukipunguza kidogo tu unapata kingi.

66. Tofauti 36. Na kwenye mchezo sikuona kilichopungua, dogo pia hakuona, na yule hakosi sababu ya kulalamika.

Chandarua

Tatizo la dirisha wazi ni lile lile nililokuwa nalikimbia: chumvi. Nikachukua kipande cha chandarua cha zamani, nikaweka mbele ya kasha pale hewa inapoingilia, matabaka mawili nikijiona mjanja. Ikapanda digrii tatu. Nikatoa tabaka moja, ikarudi. Kila Jumapili nakivua nakifua, na maji yanayotoka yana rangi ya chai ya rangi.

Skrubu za nyuma zinaendelea kutu. Nazipaka mafuta kidogo nikikumbuka, na siku hizi sikumbuki sana. Ipo siku bahari itaila hii mashine, nadhani itaanza na matundu ya nyuma ya kuchomekea waya, sina la kufanya isipokuwa nihamie Masasi, na Masasi kuna vumbi jekundu.

Kipimajoto nilirudisha Jumanne iliyopita, nilisema siku mbili nikakaa nacho wiki tatu. Mama alikuwa anakihitaji, vifaranga wapya mia moja wamefika na basi la usiku, na wenyewe hawakuwekwa kwenye buti. Mimi nimebaki na dogo. Akikaa ametulia anacheza, najua tupo chini ya 31. Akivua shati, nafungua mlango.